Banda la Kioo Ukutani kwa Bibi

Asubuhi hiyo pacha walitumwa kumpelekea bibi yao chai, wakarudi nayo vilevile, kikombe kimejaa.

"Mlango haufunguki," alisema mmoja.

"Kuna kitu kimeuzuia kwa ndani," alisema wa pili.

Kitu chenyewe kilikuwa Bibi. Alikuwa ameanguka nyuma ya mlango, mkono mmoja ameunyoosha kuelekea komeo. Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Fremu kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza madirisha ya mbao, aliusukuma mlango kwa bega taratibu sana, akiogopa kumwumiza mama yake kwa haraka ya kumwokoa. Mke wake, Mama Pacha, ndiye aliyekuwa mwembamba. Nafasi ilipotosha alijipenyeza ndani, akamshika mama mkwe wake kwapani na kumvuta pembeni.

Chumba kilikuwa kimezibwa kila mahali. Dirisha limetundikwa blanketi kuukuu, na chini ya mlango Bibi alikuwa amesokota gunia. Katikati ya chumba palikuwa na jiko dogo la mkaa, makaa yote yamekwisha kuwa majivu.

Walimbeba hadi uani, wakamlaza juu ya mkeka. Hewa ilipompiga alikohoa, akafumbua macho, akawatazama mmoja mmoja kama watu aliowafumania.

"Mbona mnanitoa nje na baridi yote hii?" aliuliza.

Mama Pacha alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Fundi alikwenda kutafuta gari la kuwapeleka hospitali akiwa amevaa kiatu cha mguu mmoja, na hakugundua mpaka alipofika barabarani.

*

"Ameponea chupuchupu," daktari aliwaambia. "Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa sumu, na sumu yenyewe haina harufu. Mtu anahisi usingizi, analala, ndiyo basi. Jiko lisiingie tena chumbani kwake."

"Sasa ajipashe moto na nini, daktari?" aliuliza Mama Pacha.

Daktari alifikiri kidogo. Alikuwa mtu mwungwana, na benchi la nje lilikuwa limejaa wagonjwa. "Mtafutieni joto la aina nyingine," alisema, akaita jina la anayefuata.

Mji wao ulikaa mlimani. Jua la mchana liliweza kumchoma mtu utosi, lakini likishazama baridi ilipanda kutoka bondeni na kuingia majumbani bila kubisha hodi. Chumba cha Bibi kilikuwa cha nyuma, cha matofali ya saruji, na kuta zake zilikuwa na unyevu wa kudumu. Wote waliujua unyevu ule. Pacha walizoea kuuchora kwa kidole.

Dada yake Fundi alifika hospitali akitoka kazini. Alikuwa dobi katika hospitali nyingine kubwa upande wa pili wa mji, zamu ya usiku, na mikono yake ilikuwa bado imekunjamana kwa maji. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso, kisha akawageukia wenyeji wa mama yake.

"Mama yangu afe kwa baridi kama mtu asiye na watoto?"

"Wifi, hatukujua kama amewasha jiko," alisema Mama Pacha.

"Hamkujua? Si mnaishi nyumba moja?"

Neno hilo lilimchoma Mama Pacha kwa sababu lilikuwa la kweli. Hawakujua. Bibi hakuwahi kusema anahisi baridi. Katika nyumba ambamo gunia la mkaa lilichunguliwa kila asubuhi kama chungu cha maziwa, mzee akisema anahisi baridi ni sawa na kuomba, na Bibi aliona heri agande kuliko aombe kwa mkaza mwana. Ikabainika baadaye kwamba kila mpishi alipolipa jiko kisogo, yeye alipita akaokota vipande vilivyobaki, akavihifadhi chini ya kitanda kwenye kopo la rangi.

"Mwezi ukiisha namchukua," alisema dada mtu. "Kwangu kuna umeme na kuna hita. Wewe kaka endelea na madirisha yako."

Fundi aliitazama sakafu. Mama Pacha alingoja mumewe aseme lolote, hata kama ni kikohozi. Hakusema.

*

Wazo lilikuwa la Mama Pacha. Aliwahi kufanya kibarua kwenye shamba la maua, na sasa aliotesha miche ya mboga na maua katika makopo na kuiuza nje ya geti lao.

"Kule shambani kulikuwa na kitalu nyumba," alimwambia mumewe wakati wakila. "Asubuhi ya baridi tuligombania kuingia kumwagilia. Nje unatetemeka, ndani unavua sweta. Hakuna jiko, hakuna umeme. Jua tu."

"Ile ni mali ya matajiri, mke wangu. Plastiki ya mita kwa mita, na mabomba."

"Na wewe je? Huna vioo?"

"Vioo sina. Ninazo fremu, na za kwangu hazina mnunuzi."

Hiyo ndiyo ilikuwa ngoma nzito katika nyumba ile. Siku hizi kila mtu alitaka dirisha la alumini. Mbao za Fundi zilisimama karakana zikipigwa vumbi. Mteja akija, alikuwa amekuja kuuliza njia.

Lakini maneno ya mkewe yalimkaa kichwani. Alizunguka nyumba, akasimama nyuma ya chumba cha mama yake. Ukuta ule ndio uliopigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri, bila mti wala jirani wa kuuzuia. Akauwekea kiganja. Kwa nje ulikuwa wa moto kama chapati inayotoka kikaangoni. Kwa ndani, hatua chache tu, ulikuwa unatoa jasho la baridi. "Yaani joto linakuja mpaka mlangoni," aliwaza, "na sisi tumelifungia nje."

Alijua pa kupata vioo. Kulikuwa na jengo la ofisi mjini ambalo lilikuwa likibadilishiwa madirisha, na yale ya zamani yalikuwa yametupwa nyuma, yameegemezwa ukutani. Aliyatambua kabla hajayakaribia. Ni yeye aliyeyatengeneza, enzi zile alipokuwa na vijana wanne karakana na simu isiyotulia.

"Unayataka haya?" mtunza stoo alimwuliza. "Ya kazi gani, mzee?"

"Ya nyumbani."

"Siku hizi nani anaweka mbao? Haya, beba. Unatusaidia kutupa takataka."

Fundi alipitisha kidole kwenye pembe ya fremu moja, pale mbao mbili zilipokutana. Haukupita hata ukucha. Angeweza kusema yametengenezwa na nani. Alisema, "Ahsante sana," akayapakia kwenye mkokoteni, akayafunga kamba kwa uangalifu ambao mtunza stoo aliuona wa kuchekesha.

"Wamenipa," alimwambia mkewe alipofika. "Wamesema ni takataka."

"Aliyatengeneza nani?"

"Mimi."

"Basi wametupa mali, shauri yao. Shika huko, tushushe."

*

Walijenga kwa utulivu, kila siku kidogo. Fundi alichimba msingi mfupi, akapanga mawe, akasimamisha nguzo, kisha akaziunganisha fremu zile moja baada ya nyingine mpaka zikawa ukuta wa kioo ulioegemea nyumba, na paa lake pia la kioo, limeinama kidogo ili mvua iteleze. Ndani mkewe aliweka benchi refu la miche. Mwisho Fundi alitoboa matundu katika ukuta wa chumba cha Bibi, mawili chini na mawili juu. Hewa ya moto hupanda, alieleza. Itaingia kwa juu, na ile ya baridi itasukumwa nje kwa chini ikapate jua nayo.

Bibi, aliyekuwa amerudi kutoka hospitali na kukalishwa uani kwenye kiti, aliangalia yote bila kusema, mpaka nyundo ilipogusa ukuta.

"Unavunja ukuta wa baba yako?"

"Natoboa tu, mama. Ni kwa ajili ya kukupa joto."

"Mimi si mche wa nyanya."

Mtaa nao ulipata la kusema. "Jamani, Bibi mnamtia kwenye chupa?" aliuliza muuza duka. Mwingine akataka kujua watakuwa wakimmwagilia mara ngapi kwa siku. Pacha walicheka, kisha wakaona uso wa baba yao, wakanyamaza. Mama Pacha alijibu kwa niaba ya wote, "Mtacheka mchana, usiku mtakuja kuota moto kwetu."

Alijuta kuyasema hayo. Siku chache baadaye jua lilitoka bila wingu, yeye akashinda getini na wateja. Aliporudi, miche yake ilikuwa imelala kwenye makopo kama mboga iliyochemshwa. Chumbani kwa Bibi kulikuwa na joto zuri alasiri ile, wakafurahi. Lakini kulipokucha walimkuta Bibi amejikunja chini ya mablanketi yote aliyokuwa nayo, akikohoa. Baridi ya usiku ilikuwa imepita kwenye matundu yaleyale ya joto.

Fundi alichukua nyundo.

"Unaenda wapi?" aliuliza mkewe.

"Kuvunja. Nimetoboa ukuta wa mama yangu, nikaifungulia baridi mlango wa nyuma. Dada akisikia atasema nini?"

"Miche yangu karibu yote imekufa. Nilie, au nikubembeleze wewe?"

"Sijakuomba unibembeleze. Wazo lilikuwa la nani?"

"Langu! Na ukuta ulikuwa wa nani? Na hospitali tulipotukanwa, mdomo wako ulikuwa wapi?"

Maneno yalikuwa yameshatoka, hayakuweza kurudi. Fundi alisimama na nyundo yake. Ndipo mlango wa chumba cha nyuma ulipofunguka, Bibi akatoka na fimbo.

"Mmemaliza?" alisema. "Maana tangu siku ile nasikia Bibi apelekwe, Bibi ajengewe, Bibi apashwe. Hakuna aliyeniuliza Bibi nina maoni gani. Hata daktari aliwauliza nyinyi kama nimekunywa dawa, na mimi nimekaa pale na mdomo wangu."

Bibi aliegemea fimbo.

"Nyinyi mnashinda nje. Mimi ndiye nashinda humu. Adhuhuri lile banda ni tanuri, hewa haina pa kutokea, litaacha kupika miche? Jua likizama, matundu yale yananipigia mluzi usiku kucha. Kata mlango kwenye paa, lipumue mchana. Matundu yatilie vifuniko. Jua likitoka nitavifungua, likizama nitavifunga. Mikono ninayo."

"Mama, hatukutaka kukusumbua," alisema Fundi.

"Mtu asiyesumbuliwa na lolote ni marehemu," alisema Bibi. "Nilikaa na baridi nikanyamaza, nusura ninyamaze moja kwa moja. Kosa hilo ni langu. Sitalirudia. Kwa hiyo nasema leo: nahisi baridi, na sijanywa chai."

Mama Pacha alikwenda kuibandika. Alipita karibu na mumewe, akaichukua nyundo mkononi mwake bila kumtazama, akaiweka juu ya dirisha la jikoni. Fundi alimfuata. "Ningepaswa kusema neno siku ile," alimwambia. "Hospitali." Mkewe alipuliza moto. "Ungepaswa," alisema. Yakaishia hapo, na wote wawili wakajua yameisha.

*

Fundi alikata mlango wa paa na kuufunga bawaba. Alitengeneza vifuniko vya mbao, akavivisha kingo za mpira wa tairi ili visipitishe upepo. Halafu yeye mwenyewe akaongeza kitu. Alikuwa amegundua kwamba pipa la maji ya kufulia lililokaa juani hubaki na uvuguvugu hata giza likishaingia. Akatafuta mapipa mengine, akayapaka rangi nyeusi, akayajaza maji na kuyapanga ndani ya banda chini ya benchi. Mchana yalimeza joto. Usiku yaliliachia kidogokidogo.

Haikuwa ajabu ya kusimulia redioni. Chumba cha Bibi hakikuwa cha moto, na siku za mawingu alivaa soksi mbili kama zamani. Lakini baridi ilikuwa imeng'olewa meno. Unyevu ulikauka ukutani, ukaacha ramani nyeupe ambazo pacha walizipa majina. Mvua ziliponyesha, ni nyumba ile peke yake mtaani iliyokuwa na nguo kavu, zilizoanikwa bandani, na majirani waliocheka walianza kupitia na ndoo za nepi. Mama Pacha aliotesha upya, na miche yake ikawahi kabla ya ya wengine.

Na Bibi alipata cheo. Alifungua, alifunga, alipandisha mlango wa paa kwa fimbo yake. "Nani kaacha kifuniko wazi?" ilisikika uani kama sauti ya mkuu wa kituo. Muuza duka alipokuja kuuliza kama Fundi angeweza kumtazamia ukuta wake, ni Bibi aliyempeleka bandani na kumweleza. Hakumkumbusha habari za chupa. Alimwambia tu avue viatu.

*

Mwezi ulipoisha, dada mtu alikuja, na nyuma yake gari dogo la mizigo alilokodi. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Mama Pacha alimkaribisha sebuleni, akamwekea chai. Dada mtu hakuigusa.

"Mama yuko tayari?"

"Yuko chumbani. Wifi, kwanza ungeona..."

"Nimesikia. Mmemjengea nyumba ya vioo. Mji mzima unasema."

Safari hii Fundi alizungumza. "Dada," alisema, "mama si mzigo wa kugombania. Mwulize mwenyewe. Akisema anakwenda, nitampakia mimi."

Bibi aliitwa. Aliwatazama wanawe, akatazama gari, kisha akamtazama binti yake usoni kwa muda mrefu, macho yale mekundu na midomo iliyokauka.

"Ngoja nikusanye vitu vyangu," alisema. "Nenda kakae bandani, kuna jua. Nikimaliza nitakuita."

Moyo wa Mama Pacha ulianguka. Dada mtu alipita, akainama kuingia mlango wa banda, akaketi ukingoni mwa benchi mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Harufu ya udongo mbichi ilimzunguka. Joto lilimpanda kuanzia vifundoni. Alivua kiatu kimoja apumzishe mguu, kisha cha pili. Aliegemeza kichwa kwenye nguzo.

Bibi hakukusanya kitu. Aliketi kitandani, akitazama saa ya ukutani na kusikiliza.

Dereva alingoja hadi uvumilivu ukamwishia, akapiga honi, hatimaye akaingia uani. "Shikamoo, mama. Mzigo uko wapi?"

Bibi alitoka, kidole mdomoni. Akamwonyesha kwa fimbo: nyuma ya kioo, dada mtu alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkoba umeanguka miguuni.

"Marahaba, baba. Mzigo umelala," alinong'ona Bibi. "Wewe nenda zako. Mwanangu atakulipa nauli ya usumbufu."

Dada mtu alilala mpaka jua likaanza kuteremka. Alipoamka alishtuka, akatafuta viatu, akaona haya. Mama yake alikuwa ameketi mbele yake kwenye kigoda, akisubiri saa ya kufunga vifuniko.

"Gari?"

"Limeondoka. Una siku ngapi hujalala?"

"Nalala, mama."

"Unalala na nani wa kukwambia umechoka?"

Dada mtu aliokota mkoba, akauweka mapajani. Tangu mumewe alipohama, ile nyumba yenye umeme na hita ilikuwa na sahani moja mezani. Alirudi asubuhi ikiwa kimya, akaondoka jioni ikiwa kimya. Hakuwa amemweleza mtu. Ndugu walidhani mume yuko safarini kikazi. Sasa aliyasema yote kwa sentensi mbili, akitazama mapipa.

"Ndiyo maana ulinitaka," alisema Bibi.

"Nilikutaka upate joto, mama."

"Hilo pia. Lakini ningekuja, wewe usiku ungekuwa kazini. Ningebaki na hita yako, tunatazamana." Alimshika ile mikono iliyokunjamana. "Mimi nakaa hapa. Wewe ndiye uje."

Dada mtu alilia kidogo, bila kelele. Kisha akauliza kama ile chai bado ipo.

Wiki iliyofuata alikuja asubuhi, bila gari na bila taarifa, akitoka zamu. Alisalimia uani kwa sauti ya chini, akapita moja kwa moja bandani, akakaa mahali palepale ukingoni, akaegemeza kichwa. Mama Pacha alikuwa ndani akimwagilia. Walitazamana. Hapakuwa na nafasi. Makopo yalijaa benchi zima, miche imesimama tayari kwa wateja.

"Nisikusumbue, wifi," alisema dada mtu, macho yakifumba yenyewe.

Mama Pacha aliweka chini ndoo ya maji, akaanza kuondoa makopo benchini moja moja na kuyapanga sakafuni, taratibu yasigongane, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mzima kunyoosha miguu.